Tamko na Maana: Lugha Hubeba Nini, na Hukomea Wapi?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha Adam majina. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake.

Ama baad. Ndugu msomaji, somo letu la safari hii si la udhu wala la mirathi. Ni somo la kitu tukitumiacho tangu tuamkapo hata tulalapo, na kwa wingi wa kukitumia tumekisahau. Kitu hicho ni tamko.

Darsa hii yakaa Nkoroi, katika Kaunti ya Kajiado, jirani na Ongata Rongai. Sisi tuliolelewa pwani tumezowea kudhani kwamba maneno yetu twayajua, na kwamba asiyeyatumia kama sisi amekosea. Hapa twaishi pamoja na Wamasai, Wakikuyu, Wakamba na Wasomali, na kila siku maneno yetu wenyewe huturudia yamevaa nguo nyingine. Mtu yakimfika hayo ana njia mbili: kucheka au kufikiri. Cheko halimwongezei mtu elimu, basi natufikiri.

MAJINA YA NCHI TUKAAYO

Tuanze na yaliyo karibu. Nairobi ni tamko la Kimasai. Asili yake ni Enkare Nairobi, yaani maji ya baridi. Ongata Rongai ni uwanda mwembamba. Kajiado yatokana na Olkejuado, mto mrefu. Mamilioni ya watu husema "Nairobi" kila siku wala hapana anayefikiri maji. Maana ya kwanza imelala, na maana ya pili, yaani mji mkubwa, imeketi juu yake.

Ama Ngong, husemwa kwamba asili yake ni enkong'u e muny, chemchemi ya kifaru. Na neno hilo enkong'u maana yake ni jicho. Wamasai huliita jicho la mtu kwa neno hilo, na mahali maji yatokapo ardhini kwa neno hilo hilo. Msomaji aliyepita chuoni atastaajabu, kwa kuwa Waarabu nao husema 'ayn kwa jicho, na 'ayn kwa chemchemi. Na sisi Waswahili twasema jicho la maji. Mchungaji wa Kajiado, Bedui wa Najdi na mvuvi wa Lamu hawakukutana wakapatana. Kila mmoja alitazama ardhi iliyo kavu, akaona mahali pamoja pang'aapo na kutoa maji, akakumbuka uso wa binadamu.

Hapa twajifunza jambo la kwanza. Tamko halikugandamana na kitu kama kucha na kidole. Watu huliweka, kisha mazoea hulisogeza, na mara nyingi husogea kwa kufananisha: jicho likawa chemchemi kwa kuwa vyafanana. Wanavyuoni wa usuli huita maana ya asili hakika, na maana iliyosogezwa majazi. Wala majazi si uwongo. Mama asemaye "nipe mbuzi nikune nazi" hapana mtoto wake aendaye kumleta mbuzi mwenye pembe, kwa kuwa nazi iliyotajwa imekwisha kumjulisha. Dalili hiyo iliyo kando ya tamko, imwonyeshayo msikizaji maana iliyokusudiwa, ndiyo iitwayo karina.

MANENO YALIYOSAFIRI

Wanavyuoni waligawanya hakika mafungu matatu: ya lugha, ya mazoea, na ya sharia. Mfano wake ni sala. Katika lugha ya Waarabu wa kale swalat ilikuwa ni dua. Sharia ikaja ikaifanya ni ibada maalumu, yenye kufunguliwa kwa takbiri na kufungwa kwa salamu. Asomaye kitabu cha fiqhi akaona neno hilo, asichukue maana ya kwanza na kuiacha ya sharia, kisha aseme, "Mimi nimeomba dua kitandani, yatosha."

Na sisi Waswahili tuna jambo la nne linalotupasa kulitazama: maneno yaliyovuka bahari. Kiswahili kimepokea maneno mengi ya Kiarabu, na mengine yalipofika yalibadili makazi. Umbo limebaki, mwenye nyumba amehama. Hili lina hatari kuliko neno geni kabisa, kwa kuwa neno geni mtu huliuliza, bali hili hudhani alijua.

Tazama neno fitina. Kwetu ni uchongezi, ni kupeleka maneno ili watu wagombane. Katika Kiarabu asili yake ni mtihani, kama dhahabu itiwavyo motoni ili ijulikane safi na chafu. Basi Mswahili akisikia kwamba Qurani imeita mali na watoto fitna, hudhani watoto wametukanwa, kumbe amekumbushwa kwamba watoto ni mtihani wake yeye mzazi.

Tazama neno hadithi. Kwetu ni kisa cha sungura na fisi asimuliacho bibi usiku, na watoto huitikia "Hadithi njoo!" Kisha mtoto huyo huyo huenda chuoni, na mwalimu amwambia, "Leo tutasoma Hadithi." Asipoelezwa, ataziweka habari za Mtume, zilizopokewa kwa sanadi na kupimwa mpokezi mmoja mmoja, katika kapu moja na sungura. Na akikua, akaacha kusadiki sungura, ataacha na nini tena? Mwalimu asiyeieleza tofauti hii siku ya kwanza amejenga nyumba juu ya mchanga.

Tazama na neno sunna. Mafakihi hulitumia kwa jambo lenye thawabu kwa mtendaji wala lisilo na dhambi kwa mwenye kuliacha. Wenye elimu ya Hadithi hulitumia kwa mwenendo wote wa Mtume, na ndani yake mna faradhi na mna mustahabu. Sisi tumeishika maana ya kwanza peke yake, tena tumeitilia "tu": "Hiyo ni sunna tu." Kijineno hicho kimeangusha mambo mengi.

TAMKO LILE LILE, MAKUSUDI MENGINE

Labda mtu atasema, "Dawa ni nyepesi: tujifunze kamusi, tuyashike maneno kama yalivyo." Tunamjibu kwamba hata wenye lugha hiyo, walioinyonya na maziwa ya mama zao, walihitaji kuelezwa.

Adi bin Hatim, Allah amridhie, alikuwa Mwarabu wa Tai, na baba yake ni yule Hatim aliyesifika kwa ukarimu. Aliposikia agizo la kula katika usiku wa Ramadhani mpaka ubainike uzi mweupe na uzi mweusi, alitwaa nyuzi mbili, akaziweka chini ya mto wake, akawa akizitazama usiku asione tofauti. Asubuhi alimwendea Mtume akamweleza. Mtume akamfahamisha kwamba kilichokusudiwa ni giza la usiku na weupe wa mchana. Adi hakukosa Kiarabu; alikosa karina.

Na katika mwaka wa 5 wa Hijra, baada ya vita vya Handaki, Mtume aliwaamrisha masahaba kwamba asisali mtu Alasiri ila kwa Bani Quraidha. Wakati ukawakuta njiani. Wako waliosema, "Hatusali mpaka tufike," wakashika tamko. Wengine walisema, "Alikusudia tufanye haraka, wala hakukusudia tuitoe sala katika wakati wake," wakasali, wakashika makusudi. Khabari ilipomfikia, hakumlaumu mmoja katika wao. Ndugu zetu wagombanao misikitini kwa jambo la tawi, na waifikiri sana khabari hii. Maneno yalikuwa machache, msemaji yu hai, wasikizaji ni watu bora, na juu ya hayo walifahamu mafahamu mawili. Asemaye kwamba neno halina ila fahamu yake yeye, basi ajitazame.

MFANO WA NENO LIWEZALO KUVUNJA NYUMBA

Natutoke katika vitabu, tuingie nyumbani. Huu ni mfano tulioufanyia darsa, wala si kisa cha mtu fulani. Lakini waweza kumpata ye yote.

Mume amesimama kituo cha matatu Rongai, amngoja mkewe waende pamoja mjini. Mke amechelewa. Gari imejaa, yataka kuondoka. Mume aandika katika simu neno moja, "Nimekuacha," apanda, aenda zake. Mke yuko Nkoroi, jikoni. Ni mtu wa pwani. Na usiku uliopita wamegombana. Alisoma neno lile, akaketi chini.

Kwa mke huyu, aliyezowea kusikia kwamba fulani "ameachwa", neno hilo lina mlango mmoja: talaka. Watu wa Mvita na Lamu husema nimekuata, na mwanamke alisikiapo hukusanya nguo zake. Kwa mume aliyekulia bara, kuacha ni neno la njiani. Basi humwacha abiria, na mtoto huacha kitabu nyumbani. Neno ni moja, nyumba ni moja, na katikati yao pamefunguka shimo. Je, yu mke au si mke?

Tazameni walivyo waangalifu wanavyuoni wetu. Maneno ya talaka waliyagawa mafungu mawili: yaliyo wazi, yasiyochukua maana nyingine, na yaliyo kinaya, yachukuayo hiyo na nyingine. La wazi halingojei nia; la kinaya halipiti ila kwa nia. Kisha waliuliza: na wasiosema Kiarabu je? Imamu Nawawi, aliyekufa mwaka 676 wa Hijra (1277), amesema katika Minhaj kwamba tafsiri ya talaka kwa lugha isiyo ya Kiarabu ni tamko la wazi, kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu. Basi Kiswahili kina uzito wake mbele ya sharia. Asidhani mtu kwamba maneno yake si kitu kwa kuwa hakuyasema kwa Kiarabu.

Lakini neno hili lina nyuso mbili kama tulivyoona. Tena liliandikwa, halikutamkwa, na maandishi kwa Mashafii ni katika kinaya. Huulizwa mwandishi alinuia nini. Na hata katika lile la wazi, walishurutisha msemaji awe amekusudia tamko kwa maana yake. Wametaja mfano wa mtu amfunguaye mkewe kamba aliyofungwa, akamwambia neno lenye maana ya kufunguliwa, nalo ndilo neno la talaka: kamba ile ni karina yake. Kamba ya mfano wetu ni matatu iliyojaa.

Wala asifanye mtu mlango huu kuwa wa mchezo, akasema la talaka kisha akadai alikusudia basi. Imepokewa kwamba ndoa, talaka na kurejea, kweli yake ni kweli na mzaha wake ni kweli. Na sisi hapa hatutoi fatwa. Ikimfika mtu jambo kama hili, asiulize jirani wala asijihukumu mwenyewe. Aende kwa kadhi. Kifungu cha 170 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kimeziweka mahakama za kadhi kwa mambo haya ya ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu wakubalio hukumu yake.

Bali twatoa nasaha. Mume huyu angaliweza kuandika "Nimetangulia," na herufi zilizozidi ni chache. Sauti ya mtu ina upole na ukali, uso wake una tabasamu. Karatasi na simu hazina. Apelekaye neno bila sauti yake apeleka nusu ya neno, basi na alichague mara mbili. Wazee walisema: heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Siku hizi dole lenyewe ndilo ulimi.

TAFSIRI YA QURANI KWA KISWAHILI

Likiwa neno moja baina ya mke na mume lina taabu hii, je, maneno ya Mwenyezi Mungu yapelekwapo katika lugha nyingine?

Mwaka 1923 ilitoka tafsiri ya Kasisi Godfrey Dale, mmishenari wa Unguja. Mwaka 1953 Maahmadiya walitoa yao Nairobi. Mwaka 1969 ikatoka Qurani Takatifu ya Sheikh Abdalla Saleh Farsy. Na Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, naye alianza tafsiri, akafa mwaka 1947 kabla ya kuimaliza. Kitabu kilichofasiriwa ni kimoja, na lugha ni moja, na wafasiri wamekhitilafiana, kwa kuwa kila mmoja hulipitisha neno katika itikadi yake kabla ya kuliandika. Ndiyo maana Sheikh Farsy alitia maelezo mengi chini ya aya: alijua kwamba tamko la Kiswahili peke yake halitambebea msomaji mzigo wote.

Chukua mfano mmoja katika Fatiha. Neno iyyaka limetangulizwa mbele ya kitendo, na kwa kutangulizwa huko Mwarabu hufahamu kwamba ibada ni Yake peke Yake. Hapana hapo neno lenye maana ya "peke yake". Mpango wa maneno ndio uliosema. Mfasiri wa Kiswahili hana budi kuongeza "tu" au "peke yako", la sivyo maana hupotea. Abdulqahir al-Jurjani, aliyekufa mwaka 471 wa Hijra (1078), aliandika kitabu kizima kubainisha kwamba ubora wa maneno hauko katika neno moja moja, bali katika kupangwa kwake. Kwa hiyo twasema tafsiri ya maana za Qurani, wala hatusemi hii ndiyo Qurani. Tafsiri ni mashua ya kuvukia. Asiyepata ila hiyo na aipande na amshukuru aliyeichonga, lakini asiite mashua kuwa ni bahari.

MAHALI LUGHA IKOMEAPO

Sasa tumefika mwisho wa njia. Mgeni wetu kutoka Mombasa huja mwezi wa Julai, na kabla hajaja twamwambia, "Huku kuna baridi." Hujibu, "Najua," akaja na shuka moja, kwa kuwa baridi aijuayo ni upepo wa kusi alfajiri ufukweni. Usiku wa kwanza Nkoroi ndipo alifahamupo tamko alilolijua tangu utotoni. Vivyo hivyo mwambie mtoto wa hapa, asiyeona maji ila ya tangi, kwamba bahari ni maji ya chumvi hata upeo wa macho. Atafahamu "maji", atafahamu "chumvi", atafahamu "macho", na bahari hatakuwa nayo.

Basi jueni kwamba tamko halimtii mtu maana. Lamwamsha maana aliyo nayo. Asipokuwa nayo, twamfananishia na aliyo nayo, na mfano ni daraja. Lakini daraja lataka kingo mbili. Kitu kisichofanana na cho chote, utakifananisha na nini?

Hapo ndipo lugha zote husimama, na kila moja husimama kwa namna yake. Mwarabu hana budi kuchagua dhamiri ya kiume au ya kike. Amtajapo Mola husema huwa, na Mwenyezi Mungu si mwanamume. Mmasai humwita Enkai, na en- ni alama ya kike katika lugha yake. Wala Mwenyezi Mungu si mwanamke. Sisi Waswahili twasema "yeye", tusitaje kiume wala kike, lakini tumemtia katika ngeli ya watu na wanyama, naye si kama viumbe vyenye uhai. Tena neno "Mungu" twaweza kulifanya wingi tukasema "miungu", ilhali jina Allah halina wingi. Kila lugha imelazimishwa na sarufi yake kusema jambo ambalo msemaji mwenyewe halikusudii. Huu ndio mpaka, na mpaka huu hauondoki kwa ufasaha.

Na Enkai kwa Wamasai ni jina la Mungu, na la mbingu, na la mvua. Humtaja Enkai Narok, mweusi, kwa wema, na Enkai Nanyokie, mwekundu, kwa ghadhabu. Mtu wa mjini atashangaa weusi kuwa rehema. Na asimame huku ukame ukiwa umechoma nyasi na ng'ombe wakianguka, kisha aone wingu jeusi likipanda juu ya vilima vya Ngong, atafahamu. Hatusemi itikadi ni moja, kwani Tauhidi humtenga Muumba na mvua aliyoiumba. Twasema tu kwamba asiyefahamu neno la jirani yake asikimbilie kulicheka, wala hawezi kumweleza neno lake mwenyewe.

Wema waliotangulia waliujua mpaka huu. Imamu Malik, aliyekufa mwaka 179 wa Hijra (795), aliulizwa namna gani Mwenyezi Mungu alivyostawi juu ya Arshi. Akainamisha kichwa, kisha akajibu kwa maana hii: tamko lenyewe lajulikana, namna yake haifikiwi na akili, kuiamini ni wajibu, na kuipekua ni uzushi. Hakusema neno halina maana, wala hakudai kwamba maana yote i mkononi mwake. Na Ibn Abbas amepokewa akisema kwamba vya Peponi havishirikiani na vya dunia ila kwa majina. Twaambiwa matunda, mito na maziwa ili moyo uamke na kutamani. Jina ni mlango. Nyumba iko ndani.

YATUPASAYO

Mambo matatu yatupasa. La kwanza, tukilisikia neno tusikurupuke. Tutazame aliyelisema, mahali pake, na karina yake. La pili, tusiyachakaze maneno makubwa. "Inshallah" ni neno la mja akiriye kwamba kesho si yake, nasi tumelifanya ni adabu ya kukataa, hata mtoto akijibiwa hivyo na baba yake hujua hatapata. Neno likichakaa hivi, siku tutakayolihitaji kwa kweli halitatubeba. La tatu, tufikapo mpaka tunyamaze. Kunyamaza mahali pake ni katika elimu, na mwenye kusema "Sijui" amesema neno lililo kamili.

Maswali ya darsa ijayo: (1) Tafuteni maneno matano ya Kiarabu yaliyobadili maana katika Kiswahili, na mweleze ni lipi lampotezalo msomaji wa Qurani. (2) Kila mmoja na amwulize jirani asiye Mswahili neno lao la "jicho", kisha aulize kama wana chemchemi ndani yake.

Mwenyezi Mungu atupe tawfiki ya kusema kweli na kufahamu makusudi. Wallahu aalam.